Kabla ya Kununua Hodhi la Maji ya Moto

Msimu mmoja wa korosho mzee kutoka kijiji kimoja cha Newala alikuja kumtazama mjukuu wake wodini kwetu. Alipokwisha kumjulia hali alituita pembeni. "Nesi," alisema, "fedha zimeingia. Kijana wangu aliye Dar es Salaam anataka tununue hodhi la kuogea, lile refu la kulala ndani, pamoja na hita. Anasema maji ya moto yatanisaidia magoti. Ninyi mnasemaje?"

Sisi tulimwuliza kwanza: maji ya kulijaza atayaleta nani? Mzee alicheka, akamtazama mkewe aliyeketi kwenye benchi. Bibi hakucheka.

Tusimdharau mzee huyo, wala kijana wake. Maji ya moto kiasi hulegeza misuli na kupunguza maumivu ya viungo, na jambo hili si geni. Hata yale mahodhi yenye mashine ya kuzungusha maji, yanayoonekana katika hoteli za watalii Zanzibar, chanzo chake kilikuwa ugonjwa. Huko California, Marekani, katika miaka ya 1940, Candido Jacuzzi, ambaye ukoo wake ulikuwa ukitengeneza pampu, alikuwa na mtoto mwenye ugonjwa wa baridi yabisi. Ikatengenezwa pampu ya kutia ndani ya hodhi ili mtoto apate nafuu nyumbani. Starehe ilikuja baadaye. Kwa hiyo anayetafuta nafuu ya magoti hatafuti upuuzi.

Lakini nyumba yake iko juu ya Uwanda wa Makonde. Kila mwenyeji anajua kwamba mvua ikinyesha huku juu maji huzama mchangani, na mto hakuna. Mjerumani Karl Weule aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906 aliiandika shida hiyo ya maji. Mradi wa Maji Makonde ulioanza katika miaka ya 1950 huyasukuma maji kutoka bondeni Mitema, upande wa Kitangari, hadi juu. Pampu ikisimama, ndoo zinapanga foleni. Wenzetu wa Masasi wana chemchemi za Mbwinji, nao pia wanajua bomba kavu ni kitu gani.

Sasa tupige hesabu. Hodhi la kawaida huchukua lita 150 hadi 200. Tuseme 180: hizo ni ndoo 9 za lita 20. Mtu mzima huoga vizuri kwa ndoo moja. Basi mzee akijilaza mara moja ametumia maji ya watu 9, na ndoo zile hazikuja kichwani kwake. Kuyapasha kutoka joto la kawaida hadi nyuzi 40 huhitaji uniti 3 hivi za umeme, au mzigo wa kuni ambao pia mama ndiye ataukata. Kwetu sisi jambo hili linahusu afya kabisa. Shingo na migongo ya akina mama wanaobeba maji tunaikuta kliniki kila siku, na wengine ni wajawazito.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: fedha ya kwanza iende kwenye paa. Nyumba ya bati yenye mita 8 kwa 6, katika mwaka wa mvua ya milimita 900, hupokea lita 43,000 na zaidi. Hata ukitoa moja ya tano inayopotea, zinabaki lita 34,000 hivi. Weka mifereji, jenga kisima cha saruji chini ya ardhi kama wenyeji wengi wa Newala walivyofanya, au nunua tangi. Maji ya mvua ya kwanza yamwagwe, maana yanaosha kinyesi cha ndege na vumbi la miezi yote ya kiangazi. Mfuniko uwe imara, tena ufungwe. Mbu wanaoeneza homa ya dengue hupenda sana kutaga katika maji safi yaliyotulia karibu na watu.

Ukiwa na maji ya uhakika, hapo nunua hodhi ukipenda. Chagua lenye sakafu isiyoteleza na kingo ambazo mzee anaweza kushika anapoinuka. Fundi atie chuma cha kushikilia ukutani; kitambaa kisiwe ndicho mkono wa kutegemea. Kumbuka lita 180 ni kilo 180, kabla mtu hajaingia, basi sakafu iwe ya zege iliyoshindiliwa. Maji machafu yaelekezwe kwenye migomba, yasituame nyuma ya choo. Hita ifungwe na fundi wa umeme anayetambulika, iwe na waya wa kwenda ardhini, na swichi yake iwe nje ya bafu. Hita za rangi nzuri na bei rahisi zisizo na waya huo, ziache dukani.

Tuna jambo linalotusumbua zaidi kuliko yote hayo. Nyumba nyingi zenye hodhi huku kwetu hazilitumii kuogea. Maji yakitoka hulijaza ili yawe akiba, na hodhi hukaa wazi siku tatu au nne. Mtoto mdogo kichwa chake ni kizito. Akiinama kuchezea maji hutumbukia, na hana nguvu ya kujiinua. Hahitaji kina kirefu, kwani sentimita chache zinazofunika pua na mdomo zinatosha. Wala hapigi kelele. Tulimpokea mmoja wa namna hiyo, wa umri wa mwaka mmoja na nusu. Mama yake alikuwa amekwenda uani kuanika nguo. Tulijaribu yote tuliyoweza, hakurudi. Tangu siku ile tukiingia nyumba yenye hodhi lililojaa, macho yetu hutafuta mlango wa bafu na komeo lake, nalo liwe juu. Akiba ya maji iwekwe katika tangi au pipa lenye mfuniko.

Hatari nyingine ni moto wenyewe. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache tu, na ya mtoto kwa muda mfupi zaidi. Iwe hodhi, karai au beseni, tia maji baridi kwanza, kisha ya moto, ukoroge, upime kwa kiwiko. Mgonjwa wa kisukari na mtu aliyewahi kuugua ukoma wasijipimie wenyewe, kwa sababu miguu yao huenda haisikii moto, apime mwingine. Mwenye kutumia dawa za shinikizo la damu asikae majini zaidi ya robo saa, na ainuke polepole. Mjamzito, hasa miezi 3 ya mwanzo, maji yake yasipite joto la mwili.

Na hapa tuwaombe bibi zetu, kwa heshima. Mzazi aliyetoka kujifungua hukandwa tumbo kwa maji yanayotoka mvuke, ati damu chafu itoke. Bibi, kizazi hujikaza chenyewe. Mtoto akinyonya na mama akikojoa mara kwa mara, kizazi hukaza zaidi. Maji makali humfanya mzazi azimie, na tumeona ngozi za tumbo zilizobabuka, hata juu ya mshono wa upasuaji. Mwogesheni, mkandeni mgongo, maji yawe yale ambayo kiwiko chenu kinavumilia. Mshono usikandwe kabisa.

Mtu akiungua, mmiminie maji safi ya baridi kwa dakika 20, hata kama ndiyo akiba ya siku ile. Maji yakiwa haba, yakinge kwenye beseni uyarudie. Vua pete na shanga kabla sehemu haijavimba. Funika kwa kitambaa safi, mlete. Dawa ya meno, mafuta, yai na unga visipakwe, kwani tutalazimika kuvikwangua naye atalia mara ya pili.

Mzee wetu alipita tena mwaka uliofuata. Mifereji ameiweka pande mbili za nyumba, kisima kimefika nusu. Magoti anayakanda jioni kwa taulo na beseni moja la maji ya uvuguvugu, na kijana wa Dar es Salaam bado anamsumbua kwa simu juu ya hodhi.