Wafula na Kiprop, Majina Pacha

 

Hebu simama asubuhi moja katika kituo cha matatu mjini Kitale, pale magari ya Bungoma yanapojaza abiria. Utamsikia utingo akiitwa Wafula. Kando kidogo, mwuza maziwa anaitikia jina la Kiprop. Mmoja ni Mbukusu, mwingine Mkalenjini. Waulize, na huenda kila mmoja akaapa kwamba jina lake halihusiani hata chembe na la mwenzake. Kumbe wote wawili wamepewa jina kwa sababu ya mvua!

Naam. Kwa Wabukusu, mvulana aliyezaliwa majira ya mvua ni Wafula, na msichana ni Nafula. Kwa Wakalenjini, aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Kiprop, na dada yake Cherop. Ukiteremka hadi Ziwa Victoria, Wajaluo watakupa Okoth na Akoth. Mvua ni ile ile.

Majina ya Kibukusu, kwa kweli, ni kalenda ya mkulima. Wanyonyi ni wa palizi, Wanjala ni wa njaa, Wekesa ni wa mavuno na Simiyu ni wa kiangazi. Na Wamalwa je? Huyo alikuja nyumba ikiwa na pombe!

Wazungu nao wana mambo kama haya. Smith wa Uingereza, Schmidt wa Ujerumani na Smit wa Uholanzi, wote maana yao ni mhunzi. Lakini hao lugha zao ni ndugu. Neno ni moja, matamshi ndiyo yaliyoachana. Sisi tumewashinda. Kibukusu ni Kibantu, Kikalenjini na Kijaluo ni lugha za Kinailoti, na bado tumekutana katika maana.

Shule na vitambulisho vilipokuja, jina la baba likageuka kuwa la ukoo. Marehemu Michael Kijana Wamalwa, Makamu wa Rais aliyefariki 2003, na nduguye Eugene, wote walibeba jina la baba yao, Seneta William Wamalwa. Ndiyo maana leo katika daftari la darasa utamkuta msichana aitwaye Wafula, jina la kiume, naye alizaliwa Januari jua likichoma!

Hapo hapana hasara. Hasara ni pale jina linapobaki alama ya kabila tu. Mapigano yalipoikumba Trans Nzoia mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tena mwaka 2008, jina lilitosha kumtenga jirani na jirani. Wafula na Kiprop, waliolima udongo mmoja na kungojea mvua moja, wakaogopana.

Msomaji, leo mkimaliza chakula cha mchana, waulize wazazi wako: jina langu lina maana gani, na nilizaliwa kukiwa na nini? Kama wewe ndiwe mzazi, usingoje kuulizwa. Kisha mwulize jirani maana ya lake. Huenda ukagundua kwamba mmekuwa mkiitana jina moja miaka yote.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.