MWENYE TAHADHARI SI MJINGA: MSHAHARA WETU NA BENKI YA SIMU



Katika mikutano ya tawi letu hapa Kimisagara kuna swali linalorudi kila tunapofika kwenye "mengineyo". Swali lenyewe ni hili: je, mshahara wetu uko salama ndani ya simu? Wajenzi wanauliza, mafundi cherehani wanauliza, wachukuzi wa sokoni wanauliza, na wasaidizi wa nyumbani wanauliza. Waajiri wengi hawataki tena kulipa kwa bahasha. Benki nazo zinatuhimiza tuweke programu zao kwenye simu na tuache kupanga foleni. Vijana wetu wanatucheka, wanasema tunaiogopa simu kama mtu anavyoogopa nyoka.

Sisi tunaona kwamba swali hilo ni la haki na halistahili kuchekwa. Mtu aliyepandisha matofali mwezi mzima kwenye vilima hivi anajua faranga elfu moja ina uzito gani. Akiuliza pesa yake inalala wapi na nani anashika ufunguo, anauliza jambo lile lile ambalo mhasibu wa benki hulihakikisha kila jioni kabla ya kwenda nyumbani. Kwa hiyo maoni yetu ni haya: tuitumie benki ya simu, maana faida zake ni kubwa, lakini tuitumie kwa tahadhari, na mzigo wa tahadhari hiyo usiwe juu ya mabega ya mfanyakazi peke yake.

Tuanze na faida

Jambo jema lazima lisemwe kuwa jema. M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007, na hapa kwetu Rwanda huduma ya Mobile Money ya MTN ilianza mwaka 2010. Kabla ya hapo, mtu wa Kimisagara aliyetaka kumpelekea mama yake pesa kule Nyamagabe au Rusizi alishuka mpaka kituo cha mabasi cha Nyabugogo, akatafuta dereva au abiria anayemwamini, akamkabidhi bahasha, kisha akakaa na wasiwasi siku 2. Bahasha nyingine zilifika, nyingine zilifika zimepungua, na nyingine hazikufika kabisa. Leo pesa inafika kabla maji ya chai hayajachemka, na ujumbe unabaki kwenye simu kama risiti.

Kadhalika kuna suala la muda. Kibarua akienda benki siku ya kazi amepoteza nusu siku, na nusu siku ya kibarua ni nusu ya chakula cha watoto. Benki ya simu haina saa ya kufunga wala Jumapili. Tena huduma ya kubonyeza nyota na namba hufanya kazi hata kwenye simu ndogo ya vitufe isiyo na intaneti.

Hata kwa upande wa usalama, tusidanganyane kwamba pesa taslimu haina hatari. Nyumba zetu nyingi ziko kwenye miteremko. Mvua kubwa ikinyesha na mfereji wa Mpazi ukifurika, noti zilizofichwa chini ya godoro hazina nakala. Mwizi akiingia, noti hazina jina.

Vile vile tukumbuke mwezi wa Machi 2020, nchi ilipofungwa kwa sababu ya korona. Benki Kuu ya Taifa ilitangaza kwamba kwa muda wa miezi 3 hapatakuwa na makato kwa kuhamisha pesa kati ya benki na simu. Tulinunua chakula na kuwasaidia wazazi bila kushikana mikono na mtu. Tulijifunza mambo mawili siku zile. La kwanza ni kwamba huduma hii inaweza kutuokoa. La pili ni kwamba makato yamewekwa na watu, na watu hao wakitaka wanaweza kuyapunguza.

Hatari ziko wapi?

Wenzetu wengi hudhani mwizi wa simu ni fundi mkubwa wa kompyuta. Mara nyingi sivyo. Mwizi wa kawaida havunji mashine, anamvunja mtu. Anakutumia ujumbe wa uongo unaosema umepokea faranga 30,000, kisha anapiga simu akilia kwamba amekosea namba, umrudishie kwa ajili ya mgonjwa. Wewe mwenye huruma unamtumia pesa yako halisi, kumbe yake haikuingia kamwe. Mwingine anajifanya karani wa kampuni: "Akaunti yako itafungwa leo, tupe namba ya siri tuirekebishe." Mwingine anakwenda kuomba laini mpya kwa jina lako, na akiipata simu yako inazimika mtandao huku ujumbe wa benki ukiingia kwake.

Halafu kuna hatari iliyo ndani ya nyumba yetu wenyewe, nayo inatuuma zaidi. Baadhi ya wanachama hawasomi vizuri. Wakitaka kutoa pesa wanampa wakala simu pamoja na namba ya siri, au wanampa mtoto wa jirani. Tunawaomba wanaosoma wasiwalaumu hawa. Mtu hawezi kulinda siri ambayo hawezi kuitumia bila kuitaja.

Lakini kuna wizi mwingine ambao mteja hata akiwa makini namna gani hawezi kuuzuia. Mwezi wa Oktoba 2020, nchini Uganda, wezi waliingia katika mitambo ya kampuni ya kati iliyounganisha benki na kampuni za simu. MTN, Airtel na benki ya Stanbic walilazimika kusimamisha kwa muda huduma ya kuhamisha pesa kati ya benki na simu. Hapa Kigali, mwishoni mwa mwaka 2019, Idara ya Upelelezi, yaani RIB, ilitangaza kuwakamata watu 12, Wakenya 8, Wanyarwanda 3 na Mganda 1, waliotuhumiwa kujaribu kuingia kwenye mitambo ya benki ya Equity. Katika mambo kama hayo mwenye akaunti alikuwa amelala tu nyumbani kwake. Hakutoa siri yoyote. Basi yeyote anayesema kila wizi ni uzembe wa mteja, hasemi kweli.

Wajibu wetu sisi wafanyakazi

Tunapendekeza kila tawi lifundishe wanachama mambo haya machache:

1. Namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, awe wakala, karani, mwajiri au mchumba. Benki ya kweli haikuombi namba hiyo kwa simu. Hali kadhalika ile namba ya mara moja inayotumwa kwa ujumbe.

2. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa. Mwaka huo umeandikwa kwenye kitambulisho chako, hata ndani ya namba yenyewe ya kitambulisho.

3. Ukipata ujumbe wa kupokea pesa usiuamini mpaka umetazama salio lako mwenyewe. Anayedai amekosea namba mwelekeze kwenye kampuni yake ya simu, ndiko wanakoshughulikia makosa hayo.

4. Kabla ya kuthibitisha, soma jina la mpokeaji linalotokea. Asiyesoma asindikizwe na mtu mmoja anayemwamini, yule yule kila mara, naye namba ya siri aibonyeze kwa kidole chake mwenyewe.

5. Usiweke mayai yote katika kikapu kimoja. Kwenye simu iwepo pesa ya wiki. Akiba ikae benki au katika SACCO ya Umurenge, kwenye akaunti isiyounganishwa na simu. SACCO hizi zilienezwa katika imirenge yote 416 ya nchi ili asiwepo mtu aliye mbali na chombo cha akiba.

6. Laini ikizimika ghafla, au simu ikipotea, usingoje kesho. Nenda kwenye duka la kampuni wafunge laini, kisha iarifu benki. Ukiibiwa, RIB hupokea simu bila malipo kwa namba 166.

Tuseme pia juu ya ibimina vyetu. Zamani sanduku la kikundi lilikuwa na kufuli 3, na funguo 3 mikononi mwa watu 3. Halikufunguliwa ila wote wamekaa na kuhesabu mbele ya wanachama. Siku hizi vikundi vingine vimeweka pesa ya watu 20 ndani ya simu ya mtunza hazina mmoja, kwa namba moja ya siri. Hapo tumeacha kufuli 2 njiani. Mtunza hazina huyo anaweza kuwa mwaminifu kama mtume, lakini akiumwa, akiibiwa au akifariki, kikundi kinabaki kikitazamana. Vikundi viombe akaunti ya pamoja ambayo pesa haitoki mpaka watu zaidi ya mmoja wamekubali, na salio lisomwe kwa sauti katika kila kikao.

Wajibu wa benki na kampuni za simu

Sasa tugeukie upande wa pili, maana ndio unaosahauliwa. Mwaka huu tulimsindikiza mwanachama mmoja, mama anayefua nguo katika nyumba za watu, aliyetapeliwa akiba ya ada ya shule ya mtoto wake. Alikwenda kulalamika kabla saa moja haijapita. Dirisha la kwanza lilimpeleka la pili, la pili likampeleka kwenye ofisi ya mjini, na ofisi ya mjini ikamwambia arudi Jumatatu. Jumatatu akajibiwa kwamba pesa imekwisha kutolewa, na kosa ni lake kwa sababu namba ilitoka kwake. Sisi hatusemi kwamba hakukosea. Twauliza tu: ile saa ya kwanza, pesa ilipokuwa bado inaweza kuzuiliwa, nani alikuwa zamu?

Sheria zipo. Sheria Na. 60/2018 inaadhibu uhalifu wa mtandao. Sheria Na. 017/2021 inamlinda mtumiaji wa huduma za fedha: mteja ana haki ya kuelezwa masharti na makato, na ana haki ya kulalamika kwanza kwenye chombo chenyewe, na asiporidhika, kufika Benki Kuu. Upo pia mfuko wa dhamana ya amana uliowekewa sheria mwaka 2015. Lakini wanachama waelewe kwamba mfuko huo hulipa, kwa kiwango kilichowekwa, pale benki inapoanguka. Haukurudishii pesa uliyomtumia tapeli.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Kwanza, pawe na namba moja ya simu, bila malipo, usiku na mchana, ambayo mtu akiipiga pesa yake inazuiliwa papo hapo wakati shauri likichunguzwa. Pili, wizi ukitokea ndani ya mitambo au kwa mkono wa mtumishi wao, mteja arudishiwe pesa yake bila kuzungushwa. Tatu, maelezo na masharti yatolewe kwa Kinyarwanda na Kiswahili chepesi, na kwa sauti kwa ajili ya wasiosoma. Nne, madirisha ya benki yasifungwe haraka. Mzee anayetaka kuhesabu noti zake mbele ya karani ni mteja kama wengine, na haifai atozwe zaidi kwa kuwa hana simu kubwa.

Waajiri nao tunawaambia hivi: kulipa kwa simu ni sawa, lakini gharama ya kutuma na kutoa isikatwe kwenye jasho la mfanyakazi. Mshahara wa faranga 60,000 ufike mikononi ukiwa 60,000. Na kila mfanyakazi apewe karatasi ya malipo inayoonyesha makato yote, kwa sababu ujumbe wa simu ukifutika, hoja ya mfanyakazi mbele ya mkaguzi wa kazi imefutika nayo.

Mwisho

Ndugu zetu, hakuna mtu atakayeturudisha kwenye bahasha ya Nyabugogo, wala hatutaki kurudi huko. Lakini wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Viongozi wa matawi wateue watu 2 katika kila tawi, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, wawe wanafundisha mambo haya baada ya kila mkutano na kuwasindikiza walioibiwa. Kila tukio liandikwe katika daftari la tawi: tarehe, saa, kiasi, na jibu lililotolewa. Mtu mmoja akilalamika huambiwa amekosea. Daftari lenye malalamiko 40 yanayofanana haliwezi kujibiwa namna hiyo, nalo ndilo tutakalolipeleka mezani.

Pesa ni jasho letu. Anayeomba tumwamini nayo, naye akubali kuulizwa.

Umoja ni nguvu!