Shemeji, Nani Amemnyoa Mteja Wangu?

Nimekuwa kimya hapa kwa muda. Kazi zimenibana, na umeme wa huku ukiondoka hauagi. Lakini kuna jambo limenikaa moyoni wiki tatu sasa, na nikilinyamazia nitakuwa najifanya halinihusu. Kumbe mimi ndiye mwenye kosa.

Shemeji yangu ana saluni hapa Keroka, hatua chache kutoka barabara kuu iendayo Sotik. (Kwa wasioujua mji huu: upande mmoja ni kaunti ya Kisii, upande wa pili ni Nyamira, na ubishi wa nani akusanye ushuru sokoni umeandikwa magazetini mara nyingi. Mimi nikiulizwa natoka kaunti gani husema natoka Keroka.) Aliniomba nimtengenezee tovuti ndogo ya kuonyesha mitindo anayosuka, ili mteja achague akiwa bado nyumbani. Kazi rahisi. Nilipiga picha arubaini hivi kwa simu, nikazipitisha zote kwa pamoja kwenye programu ya kuondoa mandhari ya nyuma, nikaziweka kwenye tovuti, nikaenda kulala. Sikuzikagua moja moja. Nani ana muda huo?

Asubuhi shemeji akanipigia. Hakusalimia. “Shemeji, nani amemnyoa mteja wangu?”

Nikafungua picha. Mteja mwenyewe ni mwalimu, dada ambaye aliacha kutia rilaksa baada ya kuungua kichwani, na amekuwa akizikuza nywele zake kwa zaidi ya miaka miwili. Siku ile alikuja kuzioshwa na kuchanwa tu, akakaa mbele ya kamera na afro ya kujivunia. Kwenye picha yangu afro hiyo haikuwepo. Kulikuwa na uso, masikio, na kitu kama kofia nyeusi iliyobana kichwa, kingo zake zimekatika kama zilizotafunwa na panya. Programu ilizitupa nywele zake pamoja na ukuta.

Ubaya ni kwamba picha ilikuwa tayari imezunguka kwenye WhatsApp. Na huku kwetu mwanamke akionekana amenyolewa ghafla, swali la kwanza si la urembo. Watu walimuuliza dada yule nani amefariki.

Sasa ndugu msomaji, najua unachotaka kuniuliza, kwa hiyo tuingie kwenye ufundi kidogo. Programu ya aina hii haijui nywele ni nini. Imefundishwa kwa kuonyeshwa picha nyingi sana ambazo watu waliziwekea mpaka: huku ni mtu, huku si mtu. Ikipewa picha mpya inakisia, pikseli kwa pikseli. Bega ni rahisi, lina ukingo. Ukingo wa afro si mstari. Ni kama ukungu wa nyuzi zilizojikunja, mwanga unapita katikati yake, na pikseli moja inaweza kuwa nusu nywele nusu ukuta. Kama mifano iliyofundishia haikuwa na ukingo wa namna hiyo, au kama aliyechora mpaka alichoka akapitisha mstari karibu na fuvu, programu itajifunza kwamba ule ukungu ni takataka.

Nitende haki. Ukuta wa saluni ni wa rangi ya udongo uliokolea na taa ilikuwa hafifu, kwa hiyo mpiga picha naye ana lawama. Lakini katika zile picha arubaini kulikuwa na wigi nyeusi ya nywele za singa. Ukuta ule ule, simu ile ile, saa ile ile. Ilitoka salama, hata nyuzi tatu zilizokuwa zikipepea kando ya shavu zilihifadhiwa. Basi taa peke yake haitoshi kuwa jibu.

Jambo hili lilinikumbusha Lupita Nyong'o. Novemba 2017 jarida la Grazia la Uingereza lilimweka kwenye jalada, na alipoliona akakuta nywele zake zilizofungwa nyuma zimefutwa na zilizobaki zimelainishwa. Huyu ni mwigizaji aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 2014, uso wake unajulikana duniani kote. Alilalamika hadharani, akaweka picha ya asili kando ya ile iliyochezewa ili kila mtu ajionee. Jarida likaomba radhi, na mpiga picha, An Le, akakiri na kuomba radhi pia. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, jarida la gazeti la Evening Standard la London lilikuwa limefuta taji la nywele zilizosukwa kwenye jalada lenye picha ya Solange.

Wakati ule nilikasirika kama kila mtu. Nilisema maneno mengi juu ya Wazungu na macho yao. Kumbe kazi ya kufuta niliifanya mwenyewe Keroka, bila kukusudia, kwa kubofya mara moja.

Tofauti ni kwamba yule wa 2017 alikuwa mtu mwenye kalamu mkononi. Aliona nywele, akaamua zisiwepo. Mtu ukimkamata anaona haya. Programu haioni haya, na mimi niliyeitumia nilijificha nyuma yake kwa dakika kumi nzima nikimwambia shemeji “ni mashine, ni mashine.” Yeye akanijibu kwamba mashine haikuja saluni na miguu yake.

Kuna kisa kingine ambacho kila mtu anayeandika programu anafaa kukitafakari. Mwaka 2016 ilienea habari kwamba ukitafuta kwenye picha za Google, kwa Kiingereza, mitindo ya nywele isiyofaa kazini, ulikuwa ukiletewa wanawake weusi wenye nywele zao za asili. Ukitafuta mitindo inayofaa, wanakuja wanawake wa Kizungu. Wengi walidhani kuna mtu ameketi mahali akapanga hivyo. Lakini waliofuatilia picha zilikotoka walikuta kwamba nyingi zilitoka kwenye kurasa za wanawake weusi wenyewe, waliokuwa wakiandika kupinga wazo hilo hilo! Mwanamke anaweka picha yake na kuandika, “eti hizi nywele hazifai kazini?” Mtambo unasoma maneno yaliyo karibu na picha, unaona “nywele” na “hazifai” na “kazini”, basi umeunganisha. Kejeli haiusumbui, wala alama ya kuuliza. Utetezi wao ukageuzwa kuwa ushahidi dhidi yao.

Hilo linaniogopesha kuliko la jalada. La jalada unaweza kulirudisha.

Na kabla hatujawapeleka Google mahakamani, hebu tuangalie kamusi yetu. Kiswahili kina nywele za singa na nywele za kipilipili. Singa zinaitwa laini, pilipili zinaitwa ngumu. Mtu anasema “huyo mtoto ana nywele nzuri” na wewe unajua anamaanisha zipi bila kuziona. Tunayo pia majina matamu, twende kilioni kwa mfano, mtindo wa mistari inayokimbilia nyuma ambao wasichana wa pwani na bara wamesukwa tangu enzi. Lakini majina hayo huyakuti kwenye tangazo la mafuta ya nywele. Kwenye tangazo utakuta nywele “zilizofugwa”, kana kwamba zile nyingine ni za mwituni.

Hapa nakiri kosa langu la pili, ambalo shemeji hakuligundua. Kwenye tovuti niliweka orodha ya kuchagulia. Niliandika: “Nywele za kawaida”, “Wigi”, “Rasta”, “Nywele asilia”. Unajua ndani ya “kawaida” nilikuwa nimeweka nini? Zilizotiwa rilaksa na kunyooshwa. Yaani nywele zilizochomwa kwa dawa ndizo za kawaida, na zile mtu alizozaliwa nazo zina chumba chao pembeni kama wageni. Septemba 2020 kule Afrika Kusini maduka ya Clicks yaliweka kwenye tovuti yao tangazo la TRESemmé. Picha za nywele za wanawake weusi ziliandikwa kavu, zilizoharibika, zisizong'aa. Nywele za mwanamke wa Kizungu ziliandikwa “za kawaida”. Watu waliandamana, maduka yakafungwa, bidhaa zikaondolewa. Nami nimeketi Keroka nikichapa neno lile lile, bila Mzungu yeyote kunishikia mkono.

Sijasema kila mwanamke avue wigi. Nikisema hivyo shemeji atanifukuza, maana wigi na rilaksa ndizo zinazomlipia kodi ya duka. Kichwa ni cha mwenyewe. Ninachobishania ni picha. Kwenye mabango ya barabarani, kwenye taarifa ya habari ya saa tatu usiku, msichana wa hapa anaona nywele kama zake mara ngapi? Hesabu leo usiku. Halafu kumbuka kwamba katika shule zetu nyingi msichana hunyolewa tangu darasa la kwanza mpaka amalize kidato cha nne. Miaka kumi na miwili nywele zake ni kitu cha kuondolewa. Siku anayoruhusiwa kuzikuza hajui hata zinachanwaje, na wa kwanza kumpa somo ni tangazo.

Vyombo vyetu vya habari navyo vina macho mawili. Aprili 2022, Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau aliyefikia cheo cha Field Marshal, alikatwa rasta zake alizozifuga tangu msituni. Aliyezikata ni Mama Ngina Kenyatta. Kamera zilijaa Nyeri, na kila kituo kilizungumza juu ya nywele zile kwa heshima, kama hifadhi ya taifa. Vizuri sana. Lakini miaka mitatu tu kabla ya hapo, mwanzoni mwa 2019, msichana Mrasta alizuiwa kuingia darasani Nairobi kwa sababu ya rasta, na ikabidi aende Mahakama Kuu, ambayo Septemba mwaka huo iliamua arudi shuleni. Kwenye habari ile mjadala ulikuwa nidhamu. Nywele za aina moja, moja ni historia na nyingine ni utovu wa nidhamu.

Turudi kwenye tarakilishi, maana najua baadhi yenu mlikuja kwa hiyo. Je, hili ni jambo lisilowezekana kiufundi? La. Mwaka 2012 Pixar walitoa filamu ya Brave, na ili nywele nyekundu za Merida zilizojikunja zitikisike sawasawa waliandika programu mpya kabisa ya kuigiza mwendo wa nywele. Nywele zilikuwa tatizo gumu, wakatafuta pesa na watu, likatatuliwa. Lakini nywele zilizojikunja kama springi ndogo, zinazosimama badala ya kuning'inia, zilisubiri. Theodore Kim wa Chuo Kikuu cha Yale, ambaye aliwahi kufanya kazi Pixar, aliandika mwaka 2020 kwamba utafiti wa nywele za kompyuta ulikuwa umejengwa juu ya nywele za singa, na zilizobaki zikachukuliwa kama jambo la ziada. Yeye na A. M. Darke wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, pamoja na wenzao, wakaingia kazini, na mwaka 2024 walichapisha mbinu zilizoundwa kwa ajili ya nywele zetu tangu mwanzo. Hisabati ilikuwepo siku zote, hakuna aliyeiuliza swali hilo.

Emoji je? Rangi za ngozi zilikuja 2015. Mwaka 2018 zikaja nywele nyekundu, nyeupe, za kujikunja, na upara. Upara umeingia! Zile za kujikunja kwenye simu yangu zinaning'inia mabegani. Mwaka 2019 watu waliomba afro. Kilichokuja, mwaka 2022, ni kitana cha afro. Tumepewa kitana kabla ya nywele za kuchana.

Basi nilifanya nini? Neno “kawaida” nimelifuta. Picha zote nimezitoa, nikamwomba yule mwalimu radhi kupitia kwa shemeji, kwa sababu simu yangu hakupokea. Jumamosi iliyopita alikubali kurudi. Shemeji alitundika leso nyeupe ukutani, tukafungua mlango mwanga uingie, nikapiga picha upya. Safari hii mpaka nilikata kwa mkono, saa moja na nusu kwa picha moja tu, huku wateja wengine wakinicheka eti fundi wa kompyuta naye amejifunza ususi.

Dada akasema hataki iende popote kabla hajaiona. Nikampa simu. Akaivuta kwa vidole viwili, akazunguka ukingo wa nywele zake polepole, kutoka sikio hadi sikio.

“Hapa juu ya sikio la kushoto umenipunguzia,” akasema.

Niliangalia. Ni kweli. Nikaketi tena.