Kura Si Kahawa ya Butura

Kila mkulima wa Karagwe na Kyerwa ajua maana ya butura. Kahawa ingali maua mtini, ada ya mtoto yadaiwa au mgonjwa yu kitandani, na nyumbani hamna hata senti moja. Anatokea mtu mwenye fedha mfukoni, anatazama mibuni, anataja bei yake, na mwenye shida hana la kujibu ila kukubali. Miezi inapita, maua yanakuwa buni, buni zinaiva. Siku ya mavuno, yule aliyepalilia na kutandaza nyasi anasimama kando, akitazama jasho lake likibebwa na mtu mwingine kwa bei isiyofikia thamani yake. Serikali imeipiga marufuku biashara hii, lakini dhiki haisikii marufuku, na walanguzi wanalijua hilo.

Sisi leo twauliza: Je, kura nayo haiuzwi vivyo hivyo?

Kila unapofika wakati wa kuteua watakaogombea udiwani kwa jina la chama chetu, huzuka watu ambao kijijini wameadimika miaka nenda miaka rudi. Huyu agawa doti za khanga, yule apeleka madebe ya rubisi, mwingine apita usiku na bahasha. Mwanachama anayepokea hudhani amepata. Kumbe ameuza mavuno ya miaka 5 yakiwa bado maua. Mnunuzi wa butura hana deni kwa mwenye shamba, kwa kuwa alikwisha mlipa. Na diwani aliyenunua kura hana deni kwa kata yake, kwa sababu hiyo hiyo.

Wako waliowahi kujificha nyuma ya neno takrima. Ni kweli kwamba mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa ikairuhusu, lakini mwaka 2006 Mahakama Kuu iliifuta kwa kuwa ilikuwa kinyume cha Katiba. Basi tangu hapo pazia limeondolewa. Rushwa ni rushwa, hata ikifungwa kwa khanga mpya.

Labda wengine husema udiwani ni kitu kidogo, na kwamba mambo makubwa yako Dodoma. Hilo ni kosa. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Ndiye anayekaa katika baraza la halmashauri, Kayanga kwa watu wa Karagwe na Rubwera kwa watu wa Kyerwa, kupitisha makadirio ya fedha na sheria ndogo. Mkurugenzi hakuchaguliwa na wananchi, ameteuliwa na Rais. Anayeweza kumwuliza hesabu kwa kura yenu ni diwani. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani iliyotengwa kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, diwani ndiye wa kuuliza imefika kwa nani na imerudi vipi.

Tena tukumbuke kwamba kiti hiki tuliwahi kukipoteza. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa. Mambo ya wananchi yakaamuliwa na maofisa, na mazao yao yakauzwa na mashirika. Ilibidi sheria zitungwe mwaka 1982 ili vyombo hivyo virudi, na halmashauri zikaanza tena kazi mwaka 1984. Mtu haokoti kilichopotea akakiuza kwa debe la pombe.

Basi mgombea apimwe kwa kipimo gani? Twasema apimwe kwa kazi aliyoifanya kabla hajaomba kura. Mwalimu mwema hampi mwanafunzi alama kwa sababu amevaa sare mpya siku ya mtihani. Hutazama daftari la mwaka mzima.

Mfano hatuutafuti mbali. Marehemu George Kahama alizaliwa Karagwe mwaka 1929. Alisomea mambo ya ushirika huko Uingereza, akarudi kuwatumikia wakulima wa kahawa akiwa meneja wa Chama cha Ushirika cha Bukoba. Ilipofika Julai 1959, alikuwa mmoja wa wajumbe watano waliochaguliwa na wananchi ambao waliingia katika Baraza la Mawaziri, pamoja na Chifu Abdallah Fundikira, Amir Jamal, Solomon Eliufoo na Derek Bryceson. Alipewa kazi ya ushirika na maendeleo ya jamii, kazi aliyokuwa ameifanya kwa mikono yake. Zaidi ya miaka 40 baadaye, akiwa Mbunge wa Karagwe, alikuwa tena Waziri wa Ushirika na Masoko hadi mwaka 2005. Alifariki Machi 2017. Hatusemi alikuwa malaika. Twasema watu walijua alikotoka na alichokifanya kabla hawajamkabidhi dhamana.

Atasema mtu: mnawafungia vijana mlango, kwani kijana atapata wapi historia? Jibu ni huyo huyo Kahama. Alipoingia uwaziri hakuwa ametimiza miaka 30. Historia si mvi. Kijana aliyeandika kumbukumbu za chama cha msingi bila kuibia mizani anayo historia. Mama aliyeshika sanduku la kikundi cha kuweka na kukopa, na kila mwisho wa mwaka kila mtu akapata haki yake, anayo historia kubwa kuliko mwenye gari. Wala asiambiwe angojee viti maalum. Sheria haikumkataza mwanamke kugombea kata.

Atasema mwingine: tajiri aliyetoa madawati ana kosa gani? Hana kosa, na ashukuruwe. Lakini tazameni tarehe. Aliyetoa miaka yote bila kuomba kitu amesaidia. Aliyeanza kutoa mwezi wa kuteuliwa ameweka arubuni.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, kutoka Nyaishozi hadi Murongo, mtakapokaa katika vikao vya kata mwulizeni kila mgombea maswali haya mbele ya watu. Tangu mwaka 2004, wananchi walipoitwa kujenga sekondari za kata kwa nguvu zao, wewe ulibeba mawe au ulituma salamu? Mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera mwaka 2006, uling'oa migomba yako iliyougua au uliiacha iambukize ya jirani? Kahawa yako unaiuza wapi? Umewahi kununua butura? Umewahi kuvusha magunia usiku kwenda Uganda?

Maswali mawili ya mwisho ndiyo mazito. Kahawa inayovuka mpaka kwa magendo hailipi ushuru Kayanga wala Rubwera. Mtu aliyeinyima halmashauri ushuru wake hawezi kukaa kitini akalalamika kwamba zahanati haina paa. Na mtu aliyetajirika kwa dhiki ya jirani zake hatageuka mtetezi wao kwa kuvaa shati la chama.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mgombea mwenye kazi njema hana haja ya kutembea usiku na bahasha. Kazi yake yaonekana mchana, na majirani watamsemea. Sisi tusiwe wa kwanza kumtupa mtu huyo kwa ajili ya rubisi itakayokwisha kabla jua halijachomoza.

Tusiuze maua. Tungoje buni ziive, tuvune wenyewe.