Pikapu Haina Hata Vumbi, Kazi Gani Hiyo?

Wasee, tusidanganyane. Mwaka wa 1934, kiwanda cha Ford kule Geelong, Australia, kilianza kuunda "ute", yaani pikapu yao. Stori husema mke wa mkulima aliomba gari moja tu: Jumapili liwapeleke kanisani, Jumatatu libebe nguruwe hadi sokoni. Hiyo ilikuwa akili.

Leo je? Ford ilifunga viwanda vyake huko 2016, Toyota na Holden zikafuata 2017. Falcon na Commodore, magari yaliyolea familia, kwisha. Gari lililouzwa zaidi 2023 ni Ford Ranger, pikapu kutoka Thailand. Boneti iko juu hadi mtoto akisimama mbele karibu, dereva hamwoni. Na nyuma? Mara nyingi ni hewa tu. Halafu ile kodi ya magari ya kifahari haigusi gari la kubeba mizigo, hata likiwa la bei kali!

Fundi mwenye ngazi na saruji simgusi, hiyo ni kazi. Lakini kama mzigo wako ni watoto wawili na mabegi ya shule, usituambie ni gari la kazi. Hayo ni maringo, na anayehatarishwa ni mtoto wa jirani.