Klabu za shule zipewe kazi, si fulana tu

Mwanafunzi wa Tunduma akitoka shuleni anakutana na foleni ya malori yaendayo Zambia na Kongo, mawakala wa forodha, na wabadili fedha wenye vibunda vya kwacha mkononi. Kituo cha pamoja cha mpakani, Tunduma na Nakonde, kilizinduliwa mwaka 2019. Somo la uraia liko nje ya dirisha.

Ndiyo maana tunashangaa klabu za kodi zinazolelewa na TRA, na zile za wapinga rushwa za TAKUKURU, zinapoishia kwenye ngonjera siku ya mgeni rasmi. Mwanachama wa klabu ya kodi mjini hapa apelekwe forodhani, aone nyaraka za mzigo zinavyokaguliwa, amuulize ofisa maswali magumu. Safari yenyewe haihitaji hata basi.

Roots & Shoots, programu ya vijana ya mazingira ambayo leo ina matawi katika nchi nyingi, ilianzia Dar es Salaam mwaka 1991, wanafunzi 12 walipokutana barazani kwa mtafiti wa sokwe Jane Goodall wakieleza yanayowakera. Ilianza na kero za wanafunzi wenyewe, si na ngonjera.

Serikali za wanafunzi ndizo zinazotutia shaka zaidi. Kiranja aliyeteuliwa na ofisi ya nidhamu ni mjumbe wa ofisi hiyo, tusidanganyane. Achaguliwe kwa kura ya siri. Na kamati ya chakula katika shule za bweni ionyeshwe daftari la stoo, ihesabu magunia ya mahindi na maharage yanayoingia na yanayotoka. Wakuu wa shule wa Mbozi, Ileje na Momba wanaweza kuanza muhula ujao, bila kusubiri waraka.