Kuhama kwa Tovuti na Kufichika kwa Kiswahili

Kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni iliyoasisiwa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1994 hatimaye ilihama anwani ya chuo hicho. Uhamaji wa aina hiyo una hatari. Google, tangu 1998, huupima ukurasa, pamoja na mengineyo, kwa viungo vinavyouelekea, navyo hulimbikizwa kwa miaka. Anwani ikibadilishwa pasi na elekezo la kudumu kwenye makao mapya, yaani msimbo 301, afuataye kiungo cha zamani hukuta 404: ukurasa haupo. Hivyo, wanaodai kuwa Kiswahili hakionekani intanetini kwa uchache wa maandishi wanasema nusu ya ukweli. Idara inapozindua tovuti mpya kwa shangwe na kuizika ya zamani, makala za miaka kumi huonekana kama zilizozaliwa jana. Fundi huitwa baada ya sherehe, iwapo ataitwa.